Kengele Tatu na Ushungi Mmoja

Juzi nilialikwa harusi Kiembeni, tukaketi jamvini wanawake sita kuzunguka sinia moja la biriani, magoti yakigusana. Mkabala wangu alikuwa Dama, mwanamke wa Kigiriama niliyefanya naye kazi zamani, na hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka kumi. Tulipokwisha kukumbatiana na kulizana kidogo, akawageukia wenzetu. "Huyu mwamuona hapa na hina zake, zamani alikuwa yuwaruka kutoka ndegeni na parachuti mgongoni. Peke yake!" Msichana mmoja wa upande wa bibi harusi akaacha kula. "Kumbe ndiwe? Yule aliyevua ushungi ndiyo akaruhusiwa kuruka?" Nikarudisha tonge langu kwenye sinia. "Nani aliyekwambia nilivua?" Akababaika. "Si watu wote wasema hivyo." Nimesemwa mengi katika miaka yangu arubaini na miwili. Nimeitwa mkaidi, mwenye kichwa kigumu, asiyepoa, na mengine nimeyapokea kwa furaha kwa sababu ni kweli. Lakini hili la kuvua limenikaa kooni tangu siku ile, na Dama mwenyewe, anayejua yote, aliishia kucheka tu na kuomba pilipili. Basi nitalieleza mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimepanga chumba Bofu, nyumbani kwa Bi Zena. Kilikuwa chumba cha nyuma, dirisha lake likitazama ua wa kuanikia nguo, na ukuta wake mmoja ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua Bi Zena amegeukia ubavu gani usingizini. Kazi yangu ilikuwa kukunja parachuti katika shule moja ya kuruka, kwenye kiwanja kidogo cha ndege upande wa kusini. Wageni walikuja, wakafungwa kifuani pa walimu, wakapandishwa hewani, wakarushwa, na walipotua wakipiga mayowe na kupigana picha, parachuti zao zililetwa bandani kwetu zimejaa mchanga. Mimi na Dama tulizitandaza kwenye zulia refu, tukanyoosha kamba moja moja, tukakunja kitambaa, tukakilalia kwa matumbo na magoti kutoa hewa, halafu tukakisukuma ndani ya mfuko wake. Magoti yangu mpaka leo yanalalamika nikisujudu. Nilikunja hivyo miaka miwili, na kila parachuti niliyoikunja ilifunguka. Niliyajua hayo kwa sababu kila aliyepanda alishuka akitembea. Ndipo nikaanza kujiuliza: kama mikono yangu inaaminika kumrudisha mtu chini salama, mbona huyo mtu asiwe mimi?

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Mutiso, Mkamba, askari mstaafu wa jeshi, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa hata kwenye vumbi. Nilipomwambia nataka kujifunza hakucheka, na hilo nitamheshimia mpaka kufa. Alinitazama tu, akauliza kama naogopa. Nikamwambia ninaogopa sana. Akasema, "Sawa. Asiyeogopa simfundishi." Kwa miezi mitatu nikawa naruka naye akinishika kando, halafu akaanza kuniachia. Na tangu siku ya kwanza aliniambia sheria yake kubwa, ambayo haikuhusu mikono wala miguu. Ndani ya kila helmeti, pembeni mwa sikio, kulikuwa na mfuko mdogo, na ndani ya mfuko huo kidude cha ukubwa wa kiberiti kinachopima kimo na kulia. Sisi tulikiita kengele. Ukifika futi elfu sita kinalia mara ya kwanza: jiandae. Elfu tano, mara ya pili: fungua. Elfu mbili na nusu, mara ya tatu, mlio mrefu usiokatika, na huo ni wa yule ambaye bado anaanguka. "Ya tatu usiombe kuisikia," Mutiso alisema. Kwenye kifundo cha mkono tulivaa pia saa ya kimo, lakini yeye hakuiamini peke yake. Alisema mkono mtu anaweza kusahau kuutazama, sikio halisahau. Hakumpa mtu cheti cha kuruka peke yake mpaka awe na hakika kwamba anaisikia kengele vizuri.

Mimi sikuwa naisikia. Chini ya helmeti nilivaa ushungi wangu, mita nzima ya kitambaa, umezungushwa mara mbili na kubanwa kwa pini, na pale penye sikio mikunjo ilikuwa minne au mitano. Ardhini, Mutiso alipokibonyeza kidude kukijaribu, nilisikia mlio kwa mbali, na nikasema ndiyo. Hewani, upepo ukinguruma kwa ile kasi, sikusikia chochote. Ningemwambia siku ileile, mambo yangekwisha mapema. Lakini nilijua atakalosema, nami sikutaka kulisikia. Ushungi sikuuvaa kwa kumwogopa mtu. Niliuvaa kwa sababu ni wangu, na sikuona kwa nini kila ninapotaka kitu kipya nitakiwe nilipe kwa kitu changu cha zamani. Kwa hiyo nikadanganya. Nikajifunza kuhesabu. Kutoka elfu kumi, ukitoka mlangoni vizuri, ukihesabu taratibu mpaka thelathini, uko karibu na elfu tano. Nilihesabu nikifua, nilihesabu nikisubiri maji yajae ndoo. Na kila nilipotua, Mutiso akiuliza, "Ulisikia?" nilijibu, "Nimesikia, Mwalimu."

Nyumbani nako nilisemwa. Kila Alhamisi baada ya Alasiri Bi Zena alipokea wageni wake, wanawake wawili watatu wa mtaa, wakinywa chai ya tangawizi na mahamri ya asubuhi yaliyopashwa moto, na mimi nyuma ya ule ukuta mwembamba nikajifanya nimelala. Bi Zena alikuwa mshona kofia. Si za mashine, zile za mkono, nguo nyeupe mapande mawili, uzi mmoja mmoja, na vile vitundu vidogo mamia kwa mamia vinavyotobolewa kwa mwiba na kuzungushiwa uzi visizibe. Kofia moja ilimchukua miezi. Alishona huku akizungumza, na hakuinua macho. "Huyu mpangaji wako," nilimsikia mmoja akisema, "mwanamke gani ajitupa kutoka juu? Nani atamuoa?" Mwingine akadakia kwamba kule hewani nguo hupeperuka mwili ukawa wazi. Nikasikia sindano ya Bi Zena ikipita kwenye nguo, kisha sauti yake ya upole. "Mume akimtaka, atamngoja chini. Hawezi kumkosa, atatua papo hapo." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nami nilicheka ndani ya mto, lakini nilikuwa nimekasirika. Huku nilitakiwa nibaki nyumbani kwa sababu ya ushungi, na kule, siku ikifika, ningetakiwa niuvue. Kila upande ulikuwa na hakika kwamba siwezi kuwa na vyote viwili.

Siku ikafika. Asubuhi moja nilitoka mlangoni vibaya, nikabingirika, mbingu chini, mashamba juu, na nilipokuja kujiweka sawa hesabu yangu ilikuwa imepotea. Sikujua kama ni kumi na tano au ishirini na nane. Nilianza kubahatisha badala ya kutazama mkono, upumbavu ambao mpaka leo unanitia baridi. Kilichonishtua hakikuwa kengele. Ni kwamba niliona minazi ina makuti. Nikavuta, parachuti ikafunguka, nikatua. Mutiso alikuwa amekwisha kunifikia. Akanivua helmeti mwenyewe, taratibu, akakitoa kidude ndani yake. "Ulisikia?" Nikasema nimesikia. "Zote?" "Zote tatu." Hapo akanionyesha kioo cha kile kidude, kitu ambacho miaka miwili ya kukunja sikuwa nimekijua: kinahifadhi kumbukumbu. Elfu moja na mia tisa, ndipo nilipofungua. "Kwa hivyo ulisikia ya tatu," akasema, "ikakulilia masikioni, na wewe ukaendelea kuanguka tu?" Sijawahi kuona haya namna ile mbele ya mtu.

Nilirudi bandani nikaketi juu ya parachuti ambayo haijakunjwa. Ofisi ya Mutiso ilikuwa upande wa pili wa mabati, nikamsikia akimwambia mwalimu mwenzake, "Huyo msichana ni mzuri kuliko wengi. Lakini hicho kitambaa kitamuua, na mimi ndiye nitapelekea watu wake maiti." Yule mwenzake akasema avue basi, shida iko wapi. Halafu Mutiso akaita: "Wewe Saumu, kuja hapa." Nikaitika abee, nikaenda. Aliniambia alivyokuwa amekwisha kuamua: nivue ushungi nikiwa hewani, au nirudi kukunja. Dama alikuwa amesimama mlangoni ananikonyeza nikubali, ni dakika chache tu, nani ataona huko juu? Nikamwambia Mutiso, "Nimekudanganya, na hilo ni kosa langu, niadhibu unavyotaka. Lakini kichwa changu kina masikio chini ya nguo, hakikukatwa masikio. Nipe nafasi nitafute njia yasikie." "Wiki tatu," akasema. "Na ukinidanganya tena, hata kukunja hutakunja hapa."

Jioni ile Bi Zena aliniwekea sahani ya mbaazi za nazi, nikashindwa kula, akauliza, nikamwambia yote. Nilidhani ataniambia niache. Aliiweka sindano yake chini, jambo asilolifanya ovyo. "Hiyo kengele yalia wapi? Juu ya sikio au nyuma yake?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akashika kofia aliyokuwa akiishona, akainyanyua usoni kwangu, na kupitia vile vitundu nikaona taa, nikaona kaniki yake iliyotundikwa ukutani, nikaona na jicho lake likinitazama. "Wajua kwa nini vyatobolewa?" akaniuliza. "Kichwa kipate kupumua. Basi na sikio lako litapumua. Ndoo hapa nikupime." Akanipima kichwa kwa uzi, sikio kwa vidole vyake, shingo kwa shibiri. Kofia haikuwa jina lake tena, maana ilishuka mpaka mabegani, ikifunika nywele na shingo bila pini hata moja, lakini pale penye sikio la kulia alishona duara la vitundu lenye upana wa kikombe cha kahawa. Alishona siku kumi na mbili, akiacha kazi ya watu. Alipomaliza akaifanyia kama anavyoifanyia kila kofia yake. Akaitia kanji nzito, akaianika, akaipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe mezani.

Na hilo ndilo lililotuharibia. Nilipanda nayo nikijiona bibi harusi. Nilipotoka mlangoni upepo ukaingia pembeni mwa helmeti, na kanji ile ikaanza kuvunjika sikioni, kra kra kra, mtu akitafuna bisi ndani ya kichwa changu. Tena ukingo ulivyokuwa mgumu uliusukuma mfuko wa kengele mbali na sikio. Sikuipata hata moja. Lakini safari hii macho yangu yalikuwa mkononi, nikafungua elfu tano kamili, nikatua, na Mutiso alipouliza nikamjibu, "Sikusikia." Aliniuliza mara ya pili, nadhani hakuamini. "Sikusikia kitu, Mwalimu. Nimesikia kanji." Akaguna, akaenda zake. Zilibaki siku sita.

Kumwambia Bi Zena ilikuwa ngumu kuliko kumwambia Mutiso. "Kofia isotiwa kanji?" akasema. "Tangu nianze kushika sindano sijatoa kofia legelege mlangoni mwangu. Watu watasema mato yangu yamekwisha, sioni tena." Nikamwambia hakuna atakayeiona, itakuwa ndani ya helmeti. "Mimi nitajua!" Akanuna siku nzima. Kesho yake asubuhi nikaikuta kofia ndani ya beseni la maji, imelala, nyororo, na yeye ameinama anaisugua bila kunitazama. "Usinisemeshe," akaniambia. "Leta maji mengine." Alipoikausha akafumua ukingo wa sikio, akauhamisha upana wa kidole, akaongeza vitundu upande wa nyuma, kwa sababu, alisema, sauti haiji kwa adabu kupitia mlangoni, hupitia popote ipatapo.

Dama akaiba helmeti ghalani na kengele yake ndani, kwa siku moja tu, wallahi tuliirudisha. Tulihitaji upepo, na upepo wa namna ile hauko Bofu, kwa hiyo tukaenda kwenye mashine ya kusaga mahindi, penye kelele ambazo watu huongea kwa ishara. Nikasimama mbele ya mashine nimevaa ushungi mpya na helmeti juu yake, katikati ya wanawake waliopanga foleni na debe zao, Dama nyuma yangu akibonyeza kile kidude bila kuniambia lini, nami nikinyanyua mkono kila nikisikia. Mwenye mashine akasimamisha kazi. "Dada, na wewe wasubiri kusagwa?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Kuna mmoja alisema kwa sauti kwamba mwanamke akikosa mume hukosa na akili. Nikamwambia mwenye mashine aiwashe, anaharibu kipimo. Dama alibonyeza mara ishirini. Nilinyanyua mkono mara ishirini. Ule mlio ulipita kwenye vitundu ukaniingia mwembamba, safi, peke yake, kelele zote zikabaki nje. Nililia pale mbele ya unga, na sikujali nani aliona.

Siku ya mwisho ya zile wiki tatu Mutiso alichukua helmeti yangu, akaingia nayo ofisini, akatoka, akanirudishia. "Leo usitazame mkono mpaka usikie kengele," akasema. "Lakini ukihesabu ishirini na tano kimya, tazama na ufungue. Na kengele yenyewe ikikuamrisha, itii." Nikapanda. Mlango ukafunguliwa, nikatoka vizuri, nikajilaza juu ya hewa. Nikaanza kuhesabu kwa mazoea, na sikuwa nimefika kumi na tano, kengele ikalia. Ilikuwa mapema mno. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba imeharibika, na la pili kwamba nimeisikia kwa kutamani. Nikatazama mkono: elfu nane. Kabla sijamaliza kushangaa ikalia ya pili, kali, iko wazi kama mtu aniitaye kutoka chumba cha pili. Elfu saba. Na ya pili ni fungua. Nikafungua juu kule, mapema kuliko mtu yeyote wa siku ile, na parachuti ilipokwisha kunishika na kelele zikaisha, nikaelewa. Mutiso alikuwa amebadilisha vimo vya kengele. Nikamtukana nikiwa peke yangu, kwa sauti, njia nzima ya kushuka, na njia ilikuwa ndefu.

Alikuwa akinisubiri na daftari langu la miruko mkononi. "Ulisikia?" Nikamwambia, "Nimesikia mbili. Ya kwanza elfu nane, ya pili elfu saba. Ya tatu sijui umeitega wapi, sikuingoja." Akakitoa kidude, akakisoma, akakirudisha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa bado nina hasira, nayo ilisikika. "Kwa sababu ungeniambia elfu sita na elfu tano," akajibu, "na mimi singejua kama ni sikio linasema au ni mdomo." Hapo hasira ilipungua, maana deni hilo la uongo nililikopa mwenyewe. Sikuomba msamaha mara ya pili. Nilisimama tu mbele yake, jasho likinitiririka shingoni ndani ya kazi ya Bi Zena, nikangoja. Mutiso akaweka daftari juu ya goti, akaandika tarehe, akaandika kimo, na kwenye nafasi ya maelezo akaandika neno moja: Anasikia. Akatia sahihi ya ruhusa, akanipa.

Nikalisoma. Nikamrudishia.

"Ongeza, Mwalimu."

"Niongeze nini?"

"Amevaa ushungi."

Akafungua kalamu tena, akaandika.